Uji hautoki, yanatoka maji: kisa cha mpira wa tumboni uliotembea

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari miwili. Mtoto wa kiume, miaka miwili na nusu, ana gastrostomi (tundu lililofunguliwa tumboni ili alishwe kwa mpira) inayovuja. Tafadhali abadilishiwe mpira, awekewe mkubwa zaidi. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli, ila ombi lenyewe ndilo lilikuwa na hatari. Mtoto alikuwa ameshawekewa mpira mkubwa zaidi wiki chache kabla, na ndio uliomfikisha hapo: macho yamezama, karibu kilo mbili zimepotea, ngozi ya tumbo imechubuka hadi inatoa damu.

Kisa kimepangwa upya kutokana na yale yanayotokea wodini. Umri, uzito na mambo mengine madogo vimesogezwa ili mtoto asitambulike, na hospitali na vituo havitajwi. Tatizo lenyewe halijabadilishwa, na yeyote aliyewahi kuhudumia watoto wenye mpira wa tumboni atalitambua mara moja, au angalau ningependa iwe hivyo.

Chanzo chake ni sabuni ya maji. Nyumbani kwao walikuwa wakitengeneza kwa ajili ya kuuza, na kostiki soda iliyokwisha kuchanganywa na maji iliwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya meza. Mtoto akaiona chupa, akapiga funda. Kostiki ni alkali kali. Haiishii juu ya ngozi laini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Huyeyusha mafuta na protini na kuendelea kuzama ndani ya ukuta wake. Majirani walimnywesha maziwa na mafuta ya kula ili atapike. Walifanya hivyo kwa huruma, lakini kumtapisha mtoto aliyekunywa kostiki ni kuiunguza njia ileile kwa mara ya pili. Wiki za mwanzo alimeza kwa taabu, kisha kovu likaanza kukaza, hadi hata mate yakawa yanamrudi.

Daktari wa upasuaji alimfungulia gastrostomi kwa njia ya Stamm, ambayo inatumika tangu 1894: tumbo linafunguliwa kidogo, mpira unapitishwa hadi kwenye mfuko wa chakula, mishono ya kuzunguka inakazwa kandokando yake, kisha mfuko wa chakula unashikizwa kwenye ukuta wa tumbo kwa ndani. Mtoto akalishwa kwa njia hiyo wakati umio unapanuliwa taratibu, kila baada ya wiki mbili tatu. Mpango mzuri. Mpira uliotumika ulikuwa Foley namba 16.

Foley ni mpira wa mkojo. Hakuna siri wala aibu katika hilo. Hospitali nyingi zenye bajeti finyu hufanya hivyo kwa sababu Foley ipo stoo, ni ya bei nafuu, na mpira maalumu wa gastrostomi mara nyingi lazima mzazi akautafute mjini na kuulipia mwenyewe. Tofauti ya mipira hii miwili ni ndogo kwa macho, kubwa kwa matokeo. Mpira maalumu una kizuizi kwa ndani, puto au kifundo, na una kisahani kwa nje kinachokaa juu ya ngozi. Foley ina puto tu. Ilibuniwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kibofu, na ndani ya kibofu puto halina mahali pa kwenda. Mfuko wa chakula una mlango wa kutokea, na kazi yake ya kila siku ni kusukuma kilichomo kuelekea mlango huo. Misuli yake haijui kuwa puto si tonge.

Kwa hiyo Foley isiyofungwa vizuri kwa nje huvutwa kwenda ndani, kidogokidogo, saa baada ya saa. Ndicho kilichotokea. Kilichofanya kisa hiki kistahili kuandikwa ni muda uliopita kabla ya mtu kukitambua, na sababu zake.

Daftari la kliniki

Mama alikuja na daftari lake. Nimelisoma zaidi ya mara moja na sioni ukurasa ambao mhudumu alifanya uzembe. Kila ukurasa, ukiusoma peke yake, una mantiki.

Kama wiki sita baada ya upasuaji aliandikiwa kuwa tundu linavuja. Kituo cha afya kiliongeza maji kwenye puto, kwa hoja kwamba puto likiwa kubwa litaziba vizuri. Siku chache baadaye linavuja tena. Safari hii Foley ikatolewa, ikawekwa namba 20, puto likajazwa mililita 20. Kisha ukurasa wa kutapika: kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa antibiotiki. Kisha ukurasa wa kuharisha: ORS na zinki, kama mwongozo unavyotaka. Kisha kuvuja tena, safari hii na ngozi iliyochubuka, akapewa mafuta ya kupaka. Mwishoni, ile barua ya rufaa.

Kurasa tano kabla ya barua, tiba tano. Hakuna ukurasa ulioandika urefu wa mpira.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye hesabu za puto, kwa sababu namba 20 inaonekana ndogo ikiwa imeandikwa tu. Maji ya mililita 5 yakiwa katika umbo la mpira wa duara yanatoa puto lenye upana wa karibu sentimita 2.1. Mililita 20 zinatoa puto la sentimita 3.4. Liweke puto la sentimita 3.4 ndani ya mtoto wa kilo kumi, ulivute hadi kwenye mlango wa chini wa mfuko wa chakula, uone kama kuna kitu kitapita pembeni yake. Tarakimu iliyochapishwa kwenye mdomo wa Foley inaeleza puto linaweza kubeba kiasi gani. Haielezi mtoto anahitaji kiasi gani.

Na unene wa mpira nao una hesabu yake. Namba za mipira hii hugawanywa kwa tatu kupata milimita: namba 16 ina upana wa milimita 5.3, namba 20 ina 6.7. Tundu la gastrostomi hupanuka kufuata mpira uliomo. Ukiweka mkubwa leo, uvujaji hupungua kwa siku kadhaa, tundu likazoea, ukavuja tena kwa kiwango kikubwa kuliko mwanzo. Kubadilisha kwenda namba kubwa kwa sababu ya kuvuja ni kosa ambalo wauguzi wa gastrostomi duniani kote wamelipigia kelele kwa miaka mingi, na bado ndilo wazo la kwanza linalomjia kila mtu, mimi nikiwemo ninapochoka.

Swali la sista wa zamu ya jioni

Alipolazwa alikuwa na kilo 8.6, siku aliyoruhusiwa baada ya upasuaji alikuwa na 10.4. Mzunguko wa mkono ulikuwa sentimita 11.3, chini ya 11.5 ambayo ni mpaka wa utapiamlo mkali kwa mtoto wa umri huo. Potasiamu kwenye damu ilikuwa 2.6, chini sana. Alikuwa mkavu, amechoka, hataki kushikwa.

Raundi ya mchana ilitoa mawazo mawili. La kwanza, umio umekaza tena na anachotapika ni mate na maji yasiyopita. La pili lilikuwa la kutisha zaidi: kwamba kostiki iliunguza pia mlango wa chini wa mfuko wa chakula, kovu limeuziba, na atahitaji upasuaji wa kuunganisha mfuko wa chakula moja kwa moja na utumbo mwembamba. Si wazo la ajabu. Sumu iliyomezwa haisimami kwenye umio, na makovu ya mlango wa chini yanafahamika vizuri kwa watoto waliokunywa kemikali hizi. Kijana mmoja wa intani alisikiliza tumbo huku muuguzi akisukuma hewa kwa sirinji kwenye mpira, akasema inasikika vizuri, mpira uko mahali pake. Likaachwa hapo.

Sista wa jioni alipokuja kusafisha ngozi aliuliza jambo ambalo halikuwa kwenye daftari wala kwenye faili.

"Mama, kinachovuja ni nini hasa? Ni uji?"

"Hapana, sista. Uji hautoki. Yanatoka maji. Hayo maji ndiyo yanayomuunguza."

"Na ukishamlisha anakuwaje?"

"Anatoka jasho, anapauka, analegea. Baadaye kidogo anaharisha."

"Mpira ulikuwa hivi hivi tangu mwanzo?"

Mama akafikiri. Akasema zamani alikuwa akiuzungusha mara moja tumboni na kuufunga kwa kitambaa chini ya shati. Siku hizi haufiki.

Sista akaenda stoo, akachukua Foley namba 20 mpya ya aina ileile, akailaza kitandani kando ya mtoto na kupima kwa utepe. Mpya ilikuwa sentimita 40 kutoka ncha hadi mwisho. Ya mtoto, kutoka kwenye ngozi hadi mwisho, ilikuwa 26. Maana yake sentimita 14 zilikuwa ndani. Kwa mtoto wa umri ule, kutoka kwenye ngozi hadi ncha ya mpira uliovutwa vizuri kwenye ukuta, tulitegemea tano au sita.

Majibu ya mama sasa yalisomeka yote kwa pamoja. Tundu la Foley liko mbele ya puto, kwenye ncha. Puto likiwa limekwama kwenye mlango wa chini wa mfuko wa chakula, ncha inakuwa imeshavuka na kuingia utumbo mwembamba. Uji unaosukumwa kwa sirinji unapita ndani ya mpira, unalivuka puto, unamwagika wote kwa mpigo ndani ya utumbo. Ndiyo maana uji hautoki nje. Kinachobaki nyuma ya puto ni tindikali ya tumbo na mate anayomeza, na hayo hayana njia ila mbili: kurudi juu kwa kutapika, au kutokea pembeni ya mpira na kuiunguza ngozi. Jasho, kupauka na kuharisha ni mwili unaopambana na mlo mzito uliotupwa kwenye utumbo bila kupitia mfuko wa chakula. Sukari inaingia kwenye damu haraka mno, insulini inapanda kuifuata, kisha sukari inaporomoka. Tulipima saa mbili baada ya mlo wa jioni: 2.3. Potasiamu nayo ilikuwa na maelezo, maana mtoto anayepoteza tindikali ya tumbo kila siku hupoteza kloridi, na figo zikijaribu kurekebisha hali hiyo humwaga potasiamu kwenye mkojo.

Ile hewa iliyosikika? Hewa ikisukumwa kwenye utumbo, sikio lililowekwa juu ya tumbo huisikia vizuri tu. Somo hili liligharimu sana kwenye mipira ya puani. Mwaka 2005 taasisi ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza, NPSA, ilitoa tahadhari baada ya vifo 11 vilivyotokana na mipira ya puani iliyokaa vibaya, ikakataza kutegemea kusikiliza hewa. Tahadhari ya pili, ya 2011, iliripoti vifo vingine 21 na matukio 79 ya madhara tangu ile ya kwanza. Kinachotakiwa kwanza ni kuvuta majimaji na kupima pH, yaani kiwango cha tindikali; 5.5 au chini yake inaashiria tumbo, na pasipopatikana majimaji au pH ikiwa juu, ni eksirei. Hoja iliyopo kwenye mpira wa puani ipo pia kwenye mpira wa tumboni: sauti inakuambia kuna hewa mahali fulani, basi.

Kilichofanyika

Ulishaji ulisimamishwa. Sukari ilirekebishwa kwanza, dripu ikawekwa, potasiamu ikaongezwa taratibu baada ya kuhakikisha anakojoa. Kisha sirinji ikachomekwa kwenye mdomo wa puto, maji yakavutwa hadi puto likawa tupu. Mpira ukarudishwa nje polepole. Ulipofika karibu sentimita nane ndani, majimaji yakatoka kwa wingi ndani ya mpira, mengi kuliko bakuli lililoshikwa chini yake lilivyoweza kubeba. Yalikuwa na pH 3. Puto likajazwa tena mililita 5 tu za maji safi ya sindano, mpira ukavutwa hadi ukagusa ukuta wa tumbo kwa ndani, ukaachiwa nafasi kidogo usibane.

Mambo mawili katika hatua hiyo hayana mjadala. Puto halijazwi hata mililita moja kabla ya kuwa na uhakika ncha iko kwenye mfuko wa chakula, kwa sababu puto likijazwa ndani ya utumbo linaweza kuupasua. Na mpira haukuchomolewa ukatoka kabisa. Tundu lililokomaa huanza kujifunga ndani ya saa chache likiachwa wazi, na lile ambalo bado ni changa lina hatari nyingine: mpira unaorudishwa kwa kubahatisha unaweza kuutenganisha mfuko wa chakula na ukuta, ukaingia kwenye uwazi wa tumbo, na mlo wa kwanza ukawa ndio mwanzo wa peritonitisi, yaani uvimbe na maambukizi ya utando wa ndani wa tumbo.

Asubuhi ilipigwa eksirei yenye dawa inayoonyesha njia ya chakula. Dawa ilijaa kwenye mfuko wa chakula, ikapita mlango wa chini bila shida. Hapakuwa na kovu. Upasuaji uliokuwa ukitajwa kwenye raundi ya jana haukutajwa tena.

Alianzishiwa F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa kiasi kidogo kila baada ya saa mbili, ikidondoshwa polepole badala ya kusukumwa, pamoja na antibiotiki ambazo mtoto mwenye utapiamlo mkali wenye matatizo hupewa. Kwa nje, sista alitengeneza kizuizi kwa chuchu ya chupa ya mtoto: iliyochemshwa, ikatobolewa katikati, mpira ukapitishwa ndani yake, sehemu pana ikakaa juu ya ngozi na shingo yake ikafungwa kwenye mpira. Ni ufundi wa zamani unaojulikana katika wodi za upasuaji wa watoto. Kisha akachora mstari kwa kalamu isiyofutika pale mpira unapokutana na chuchu, akamwandikia mama kwenye jalada la daftari: urefu wa nje, sentimita 34.

Kuna watu huona haya kuandika kwamba hospitali imetumia chuchu ya chupa. Sioni sababu. Gastrostomi ya kisasa isiyohitaji kupasua tumbo, ile inayowekwa kwa msaada wa kamera, ilianza Juni 1979 huko Cleveland, Marekani, kwa mtoto wa miezi minne na nusu. Michael Gauderer, daktari wa upasuaji wa watoto, na Jeffrey Ponsky, aliyeshika kamera, walitumia mpira uliokuwa umetengenezwa kwa kazi nyingine, wakauongezea vipande vya mpira vilivyokatwa kwa mkono, kimoja cha kuzuia ndani, kimoja cha kuzuia nje. Njia hiyo ilichapishwa 1980. Walibuni kwa vifaa vilivyokuwepo, sawasawa na sista wetu. Ila kizuizi cha nje hawakukisahau.

Kisa hiki kingehesabiwaje?

Ukisoma tafiti za madhara ya gastrostomi kwa watoto, karibu zote hugawa madhara mafungu mawili. Makubwa ni peritonitisi, kutoboka utumbo, kuvuja damu kwingi, kizuizi cha ndani kuzama kwenye ukuta, kifo. Madogo ni kuvuja, nyama nyekundu inayoota kandokando ya tundu, maambukizi ya ngozi, mpira kuziba au kuchomoka. Mgawanyo huo unamfaa daktari wa upasuaji anayetaka kujua kama njia moja ni salama kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba umeteremka hadi wodini na kliniki kama kipimo cha jinsi tatizo linavyopaswa kushughulikiwa kwa haraka. Kuvuja ni dogo, kwa hiyo kunashughulikiwa kwa mafuta ya kupaka.

Kwa mtoto huyu kuvuja kulikuwa dalili ya kwanza ya kuziba kwa tumbo. Neno "kuvuja" kwenye fomu ya utafiti halina nafasi ya kueleza kinachovuja, na hapo ndipo jibu lilipokuwa limefichwa. Uji unaovuja una orodha yake ya sababu: puto limepasuka, mpira umelegea, mlo unasukumwa kwa kasi, mtoto ana kikohozi au choo kigumu kinachopandisha shinikizo tumboni. Maji matupu yanayounguza, huku uji ukipita, yana orodha fupi zaidi, na puto lililokwama liko juu kabisa.

Watafiti makini wameuona udhaifu wa "kubwa" na "ndogo", na wengi sasa hutumia mizani ya Clavien-Dindo, iliyochapishwa 2004. Mizani hiyo hupanga dhara kwa tiba lililohitaji. Daraja I ni lile lisilohitaji dawa maalumu wala upasuaji. Dripu za chumvi na dawa za kuzuia kutapika zinaruhusiwa. Daraja II ni lililohitaji dawa nyingine, kuongezewa damu, au lishe ya mishipa. III ni upasuaji au utaratibu mwingine, wenye nusu kaputi (IIIb) au bila nusu kaputi (IIIa). IV ni la kuhatarisha maisha linalohitaji chumba cha wagonjwa mahututi, V ni kifo. Ni mizani safi, kwa sababu haimuulizi mtu anavyohisi bali inaangalia kilichofanyika.

Sasa mpime mtoto wetu. Kilichomponya ni sirinji iliyovuta maji kwenye puto, kitandani, bila sindano ya usingizi, na dripu. Daraja I. Ukitaka kuhesabu antibiotiki za utapiamlo, unaweza kubishana kuwa ni II. Zaidi ya hapo mizani haikuruhusu. Mtoto aliyepoteza karibu kilo mbili, mwenye sukari ya 2.3 na potasiamu ya 2.6, anakaa fungu moja na yule aliyepata homa kidogo siku ya pili akapewa panadoli, au, ukimwonea huruma, fungu moja juu yake.

Na kuna jambo la kejeli zaidi. Kama sista asingepima mpira, na mtoto akapelekwa kufanyiwa ule upasuaji wa kovu ambalo halikuwepo, kisa hichohicho kingeandikwa daraja IIIb. Kosa la utambuzi lingekipandisha cheo. Utambuzi sahihi umekifanya kiwe kidogo kiasi kwamba msomaji wa jedwali atakipita bila kukiona.

Halafu kuna suala la nani anahesabu. Tafiti nyingi za eneo hili hufanywa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili ya hospitali iliyofanya upasuaji. Zile safari za kituo cha afya, maji yaliyoongezwa kwenye puto, mpira uliobadilishwa, ORS na zinki, vyote vilibaki kwenye daftari la mama, ambalo hakuna mtafiti analoliomba. Faili la hospitali lingeonyesha mtoto aliyeruhusiwa akiwa na hali nzuri, kisha amerudi na "mpira kusogea, umerekebishwa". Ningependa utafiti wa aina hii uanzie kwenye daftari hilo. Ungepima mambo machache ambayo ni ya bei nafuu: uzito kati ya kliniki na kliniki, urefu wa mpira ulio nje, kiasi cha maji kilichomo ndani ya puto, na mara ngapi mama amelazimika kupanda gari kwa sababu ya mpira. Uzito uliopotea kati ya kliniki mbili ungeeleza ukubwa wa dhara kuliko jina la tiba iliyotolewa.

Rejista na kinachoendelea

Kwenye rejista yetu ya madhara ya upasuaji tulibishana. Mmoja alitaka I, kwa kuwa ndivyo mizani inavyosema. Mwingine akashikilia II. Tukaandika II, na pembeni tukaongeza sababu ya kulazwa, kilo zilizopotea na siku alizokaa. Kwenye fomu ya kuruhusiwa pia imeongezwa mistari miwili: urefu wa nje kwa sentimita, na mililita za maji kwenye puto. Kituo cha afya kilipigiwa simu kikaelezwa kwamba mtoto mwenye mpira wa tumboni akianza kutapika au kuvuja, kipimo cha kwanza ni cha utepe, na mpira uliopungua nje usilishwe chochote hadi uangaliwe. Daktari wa kituo alisikiliza, akauliza kama anaweza kupata kisahani cha ziada kwa watoto wengine wawili alionao. Tulimwelekeza kwenye chuchu.

Mtoto aliruhusiwa alipofika kilo 9.5. Mama amejifunza kuvuta maji ya puto kila wiki na kuyapima kwenye sirinji: yakirudi pungufu, puto linachoka, maana tindikali huila mpira wa kawaida wa Foley mapema kuliko ule wa silikoni. Haongezi uji mzito kwa sirinji ya kusukuma. Anainua sirinji juu bila kijiti chake na kuuacha uji uteremke kwa uzito wake, kisha anasafisha mpira kwa maji ya vuguvugu. Ngozi imefunga.

Umio bado unapanuliwa. Anameza maji na uji mwepesi, mkate hapana. Mpira maalumu wenye kisahani umeshapatikana na amewekewa. Daktari wa upasuaji anataka ubaki hadi mtoto apitishe miezi kadhaa bila kuhitaji kupanuliwa. Bibi yake, anayekuja naye kliniki siku hizi, anauliza kila safari kwa nini usitolewe sasa hivi, na kila safari tunaanza kumweleza upya.